Harriet Powers: Mama Aliyehubiri kwa Sindano na Uzi



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu waliotutangulia, safari hii tunamtazama mama ambaye hakuwa mhubiri, hakuwa malkia, wala hakuongoza jeshi. Alikuwa mkulima na mshonaji. Alizaliwa mtumwa, akafa bila mali nyingi, na kaburi lake likasahauliwa kwa miaka mingi. Lakini leo kazi mbili za mikono yake zimehifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho nchini Marekani, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuzitazama. Jina lake ni Harriet Powers.

Tumemchagua kwa sababu akina mama wengi katika makazi yetu wanashika sindano. Wengine wanadarizi vitambaa vya meza, wengine wanafuma kwa uzi, wengine wanashona nguo kwa cherehani. Na kuna swali linalorudi kila mara katika vikundi vyetu: mteja akija na pesa kidogo, na nyumbani watoto hawajala, nifanye nini? Harriet Powers alisimama mbele ya swali hilo mwaka 1891, mlangoni kwa mtu, akiwa ameshika kazi yake mikononi.

KUZALIWA KATIKA UTUMWA

Harriet alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1837 katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, karibu na mji wa Athens. Huu si ule mji wa Athene ambao Mtume Paulo alihubiri. Ni mji mdogo wa Marekani uliopewa jina hilo. Eneo lile lilikuwa la mashamba ya pamba, na pamba ile ililimwa na kuvunwa na watumwa, watu weusi ambao wao wenyewe au wazee wao waliletwa kwa nguvu kutoka Afrika. Harriet alizaliwa akiwa mali ya mtu mwingine, kama vile ng'ombe au jembe lilivyokuwa mali.

Katika jimbo la Georgia wakati huo sheria ilikataza kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika. Ndoa ya watumwa haikutambuliwa na serikali. Bwana mwenye mtumwa aliweza kumuuza mume upande mmoja na mke upande mwingine, na mtoto akapelekwa mahali ambapo mama yake hatamwona tena. Sisi tuliotenganishwa na ndugu zetu barabarani wakati wa kukimbia tunaweza kuelewa kidogo hofu ya mama aliyelala kila usiku bila kujua kama kesho mtoto wake atakuwepo.

Mwaka 1855 Harriet aliolewa na Armstead Powers. Walizaa watoto wapatao tisa au zaidi, lakini si wote waliokua.

Mwaka 1861 ilianza vita kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini ya Marekani. Vita hivyo vilimalizika mwaka 1865, na mwaka huohuo utumwa ukapigwa marufuku katika nchi nzima. Vita vilipomalizika Harriet alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa huru, lakini huru mikono mitupu. Waliotoka utumwani wengi wao hawakupewa shamba, wala nyumba, wala mbegu. Walianza upya kama anavyoanza mtu aliyefika mahali pageni na mtoto mgongoni na furushi kichwani.

Harriet na mume wake walifanya kazi ya kulima miaka mingi. Katika miaka ya 1880 walifanikiwa kununua shamba lao wenyewe la ekari 4 nje ya mji wa Athens. Ekari 4 si nyingi, lakini kwa watu ambao wao wenyewe waliwahi kuhesabiwa kuwa mali, kumiliki ardhi lilikuwa jambo kubwa.

BLANKETI LA VIRAKA

Kabla ya kuendelea, tueleze kazi aliyoifanya. Georgia kuna baridi wakati wa majira ya baridi, na familia maskini hazikuweza kununua mablanketi dukani. Kwa hiyo akina mama walikusanya vipande vya nguo kuukuu na mabaki ya vitambaa, wakaviunganisha mpaka vikawa kitambaa kimoja kipana. Chini yake waliweka kitambaa kingine, na katikati wakatandaza pamba. Kisha walishona matabaka hayo matatu kwa pamoja, mshono baada ya mshono, ili pamba isijikusanye upande mmoja. Hilo ndilo blanketi la viraka. Kazi yake ni ya wiki nyingi, mara nyingi usiku baada ya kutoka shambani.

Harriet alijua kuunganisha viraka kama wengine. Lakini alifanya zaidi ya hapo. Alikata vitambaa katika maumbo ya watu, wanyama, nyota, jua na mwezi, kisha akayashonea juu ya kitambaa kikubwa, hadi blanketi likawa kama ukurasa wa kitabu cha picha. Wataalamu wameona kuwa mtindo huu unafanana na kazi ya mafundi wa Afrika Magharibi, hasa watu wa Dahomey, nchi ambayo leo inaitwa Benin. Huko mafundi walikata maumbo ya vitambaa na kuyashonea juu ya mabango ya wafalme ili kueleza habari za ufalme. Bahari ilivukwa, lugha zikapotea, majina yakabadilishwa, lakini ujuzi wa mikono una njia zake za kuvuka.

BIBLIA KATIKA VITAMBAA

Karibu na mwaka 1886 Harriet alimaliza blanketi ambalo leo linajulikana kama Blanketi la Biblia. Lina picha 11 zilizopangwa katika safu tatu, na upana wake ni zaidi ya mita 2. Alishona kwa mkono na pia kwa cherehani.

Picha ya kwanza ni Adamu na Hawa katika bustani ya Edeni, pamoja na wanyama. Ndani yake mna tembo, ngamia, mbuni, na yule mnyama mkubwa wa baharini anayeitwa Lewiathani. Yupo pia nyoka, na Harriet alimpa miguu. Katika picha ile nyoka peke yake ndiye mwenye miguu. Msomaji wa Biblia anaelewa mara moja: katika kitabu cha Mwanzo, adhabu ya kutembea kwa tumbo ilikuja baada ya dhambi. Kabla ya hapo alitembeaje? Harriet alikuwa ameisoma habari ile kwa makini kuliko wengi wetu.

Picha nyingine ni Kaini akimuua Habili, na damu inatiririka ardhini. Kuna Kaini anayekwenda nchi ya Nodi kutafuta mke, huku amezungukwa na wanyama. Kuna Yakobo amelala, na ngazi, na malaika. Kuna ubatizo wa Bwana Yesu, na kusulubiwa kwake. Kuna Karamu ya Mwisho, na katika picha hiyo Yuda amevalishwa rangi iliyofifia, tofauti na wenzake, kwa sababu moyo wake nao haukuwa sawa na wa wenzake. Kuna Yuda tena na vipande vyake thelathini vya fedha. Na picha ya mwisho ni Yusufu, Mariamu na mtoto Yesu.

Watu wengi zamani walidhani Harriet hakujua kusoma, na kwamba aliyasikia haya yote kanisani tu. Lakini zaidi ya miaka 100 baadaye ikajulikana nakala ya barua yake ya mwaka 1896. Katika barua hiyo anaonekana kuwa mtu aliyejua kusoma, na aliyeijua Biblia kwa kuisoma mwenyewe. Vilevile barua ilionyesha kuwa alitengeneza mablanketi mengine zaidi ya yale yaliyobaki leo, na mojawapo lilikuwa la Karamu ya Bwana. Tazameni, ndugu, jinsi tunavyoharakisha kumdhania mtu maskini kuwa mjinga.

MAONYESHO YA MWAKA 1886

Mwaka 1886 kulifanyika maonyesho ya pamba katika mji wa Athens. Yalikuwa kama maonyesho ya wakulima tunayoyajua: mazao, mifugo, michezo, na mahali padogo pa kazi za mikono. Harriet alipeleka blanketi lake, nalo likatundikwa katika kona moja.

Mwanamke mmoja mzungu aliyeitwa Jennie Smith alipita hapo. Alikuwa mchoraji, na alifundisha kuchora katika shule ya wasichana ya mjini. Alipoliona blanketi alisimama. Alikuwa na elimu ya sanaa, akaelewa kwamba mbele yake palikuwa na kitu ambacho hajawahi kukiona. Alimtafuta mwenye blanketi mpaka akampata shambani kwake, akaomba kulinunua.

Harriet alikataa. Si kwa sababu bei ilikuwa ndogo. Hakutaka kuliuza kwa bei yoyote.

Hebu tutulie kidogo hapa. Mama huyu hakuwa tajiri. Lakini wakati huo shamba lilikuwa linawalisha, naye alikuwa na nafasi ya kusema hapana. Mtu mwenye chakula ndani anaweza kulinda kazi yake. Mambo yalibadilika baadaye.

SIKU YA MFUKO WA UNGA

Baada ya miaka minne hivi maisha yalikuwa magumu. Bei ya pamba ilikuwa ikishuka, na wakulima wadogo wa Georgia, weupe kwa weusi, waliingia katika madeni. Harriet alituma habari kwa Jennie Smith kwamba sasa yuko tayari kuuza. Lakini wakati huo Jennie Smith mwenyewe hakuwa na pesa, na jambo likasimama.

Mwaka 1891 Jennie Smith alituma ujumbe kwamba, kama blanketi bado lipo, yeye bado analitaka. Alasiri moja mkokoteni wa kukokotwa na ng'ombe ukasimama mbele ya mlango wake. Harriet alikuwa amekaa juu yake, na mume wake pamoja naye. Mapajani mwa Harriet kulikuwa na mzigo. Blanketi lilikuwa limefungwa katika mfuko safi wa unga, na mfuko huo ukafungwa tena katika gunia, ili vumbi la barabarani lisiliguse. Sisi tunaoijua mifuko ya unga wa mgao na kazi zake nyingi baada ya unga kwisha, tunaweza kumwona mama huyu vizuri kabisa. Alikuwa amelibeba kama mtu anavyombeba mtoto mchanga kwenda hospitali.

Harriet alitaja bei: dola 10. Jennie Smith akajibu kwamba alikuwa na dola 5 tu.

Harriet alitoka nje kwenda kushauriana na mume wake. Armstead alimshauri akubali, kwa sababu ya ugumu wa nyakati. Harriet akarudi ndani, akapokea dola 5.

Lakini hakuondoka mara moja. Kabla ya kuliacha blanketi, alieleza picha zote 11, moja baada ya nyingine: huyu ni nani, huyu mnyama anafanya nini, kwa nini rangi hii. Jennie Smith aliandika maelezo yale. Tena aliahidi kumwekea Harriet mabaki ya vitambaa vyake, na ahadi ile ilimfariji kidogo. Baadaye Harriet alirudi mara kadhaa katika nyumba ile, si kudai chochote, bali kuliona tu blanketi lake, kama mama anayekwenda kumsalimu mtoto anayelelewa na watu wengine.

Hatuandiki haya ili kumhukumu Jennie Smith. Alitoa nusu ya bei iliyotajwa, hilo ni kweli. Ni kweli pia kwamba alilitunza blanketi lile mpaka alipofariki mwaka 1946, hakulikata, hakulitumia kitandani. Kama asingeandika maelezo ya Harriet, sisi leo tusingejua kwa nini Yuda alivalishwa rangi ile. Wala hatumhukumu Harriet kwa kupokea dola 5. Mtu ambaye hajawahi kuuza kitu alichokipenda ili nyumba ipate kula asiwe mwepesi wa kusema.

KAZI YA PILI: KAZI YA KUAGIZWA

Mwaka 1895 kulikuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa katika mji wa Atlanta, mji mkuu wa Georgia. Ndiyo maonyesho ambayo Booker T. Washington, mwalimu mashuhuri wa watu weusi, alitoa hotuba iliyojulikana nchi nzima. Kulikuwa na jengo maalumu la kuonyesha kazi za watu weusi, na Jennie Smith alilipeleka blanketi la Harriet huko. Watu wengi wakaliona.

Katika mji huohuo wa Atlanta kulikuwa na chuo kikuu cha kuwaelimisha watu weusi, Atlanta University. Masimulizi yaliyopokelewa ni kwamba wake wa walimu wa chuo hicho, baada ya kuona kazi ile, walimwagiza Harriet awatengenezee blanketi lingine. Mwaka 1898 blanketi hilo lilitolewa zawadi kwa Mchungaji Charles Cuthbert Hall, mkuu wa chuo cha theolojia cha Union huko New York, aliyekuwa pia mmoja wa wadhamini wa Atlanta University.

Oneni tofauti ya kazi hizi mbili. Ya kwanza Harriet aliishona kwa ajili ya moyo wake, kisha shida ikamlazimisha kuiuza. Ya pili ilikuwa imetafutwa. Watu walikuwa wameshaijua mikono yake kabla ya kuja kwake. Kazi iliyouzwa kwa dola 5 ilikwenda mbele yake ikamtangaza mahali ambapo miguu yake haikufika.

Blanketi hili la pili lina picha 15. Nyingi ni za Biblia: Ayubu akiwaombea, Musa akimwinua nyoka wa shaba jangwani, Yona akitupwa baharini, wanyama wawili wawili, malaika wa ghadhabu na vitasa saba, na Bwana msalabani. Lakini Harriet alichanganya humo habari za mambo yaliyotokea duniani, ambayo wazee waliyasimulia kwa hofu. Aliweka siku ya giza ya tarehe 19 Mei 1780, mchana ulipogeuka usiku katika sehemu za Marekani. Aliweka usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoanguka kwa wingi na watu wakadhani mwisho umefika, na katika picha ile mkono wa Mungu unaonekana. Jambo hilo lilitokea miaka minne kabla hajazaliwa, maana yake ni kwamba alisimuliwa na wakubwa wake. Na aliweka baridi kali ya Februari 1895, ambayo aliishuhudia mwenyewe, watu na wanyama walipoganda kwa baridi.

Ipo picha moja ya ajabu zaidi. Ni ya matajiri ambao hawakufundishwa habari za Mungu, na chini yao yupo nguruwe jike anayeitwa Betts. Habari ya Betts ni kwamba alikimbia kutoka Georgia mpaka Virginia, umbali wa maili 500, yaani kama kilometa 800. Virginia iko upande wa kaskazini wa Georgia. Kwa mtu aliyezaliwa mtumwa, habari ya kiumbe aliyekimbia kuelekea kaskazini bila kukamatwa haikuwa ya kuchekesha watoto tu. Waliokimbia wanajua njia hiyo.

MIAKA YA MWISHO

Tungependa kuandika kwamba baada ya hapo Harriet alitajirika. Haikuwa hivyo. Katika miaka ya 1890 yeye na mume wake waliuza sehemu za shamba lao, kipande baada ya kipande. Harriet aliendelea kujitafutia riziki kwa kushona. Ipo picha yake moja iliyopigwa miaka hiyo. Amesimama amevaa aproni ya sherehe, nayo pia ameishonea maumbo ya jua na nyota. Uso wake umetulia, na anamtazama mpiga picha moja kwa moja.

Alifariki tarehe 1 Januari 1910, akiwa na umri wa miaka 72. Alizikwa Athens katika makaburi ya Gospel Pilgrim. Makaburi hayo yalianzishwa mwaka 1882 na chama cha watu weusi waliochanga pesa zao ili kila mwanachama azikwe kwa heshima. Ni jambo tunalolifahamu sisi wenye vyama vya kuzikana. Lakini miaka ilipopita msitu uliyafunika makaburi yale, na jiwe la Harriet halikuonekana tena mpaka lilipogunduliwa mwaka 2005.

Blanketi la Biblia sasa liko katika makumbusho ya taifa ya Smithsonian, mjini Washington. Lilifika huko mwishoni mwa miaka ya 1960 kutoka kwa mtu aliyesimamia mali ya Jennie Smith. La pili liko katika makumbusho ya sanaa ya mji wa Boston tangu mwaka 1964. Mwaka 2021 mablanketi haya mawili yaliwekwa pamoja katika maonyesho huko Boston, kwa mara ya kwanza. Yalikuwa yametoka katika mikono ya mama mmoja, na yalikaa mbalimbali zaidi ya miaka 100 kabla ya kukutana.

TUJIFUNZE NINI?

Jambo la kwanza ni bei. Harriet alikuwa na bei yake kabla ya kufika mlangoni. Hakumwuliza mnunuzi atampa kiasi gani. Ingawa alishuka, alijua ameshuka kutoka wapi. Wengi wetu tunafika kwa mteja bila hesabu. Kabla ya kutaja bei, andika: kitambaa kilinunuliwa kwa kiasi gani, uzi kiasi gani, usafiri kiasi gani, na ulikaa na kazi hiyo siku ngapi. Siku zako nazo ni gharama. Mtu anayehesabu kitambaa na uzi tu, akasahau siku zake, amemgawia mteja usingizi wake bure.

Jambo la pili ni mashauriano. Harriet hakukubali wala kukataa peke yake kwa aibu mbele ya mnunuzi. Alitoka nje, akashauriana na mwenzake, kisha akarudi na neno moja. Ukibanwa, omba nafasi. Kama huna mume wa kushauriana naye, una dada katika kikundi. Bei inayotajwa na kikundi kizima haishushwi kirahisi kama bei ya mama mmoja mwenye njaa.

Jambo la tatu ni kazi ya kuagizwa. Kazi ya kuagizwa ina heshima kuliko kutembeza, lakini ina hatari zake. Patana kwanza juu ya ukubwa, rangi, picha, siku ya kumaliza na bei. Andikeni kwenye daftari, kila mmoja aweke sahihi au kidole gumba. Omba sehemu ya malipo mapema, angalau ya kununulia kitambaa na uzi, ili mteja akibadili mawazo usibaki na deni dukani. Na wewe ukiahidi Ijumaa, iwe Ijumaa. Mteja anayedanganywa mara moja hawezi kukutangaza kwa wengine.

Jambo la nne ni habari ya kazi yako. Jennie Smith aliona uzuri wa blanketi, lakini thamani yake ilikamilika Harriet alipofungua kinywa akaeleza. Mama, ukidarizi ndege wa kwenu, au mti uliokuwa mbele ya nyumba mliyoiacha, mwambie mnunuzi. Na kama unaweza, bakiza nakala ya picha ile kwenye karatasi, pamoja na jina lako na mwaka. Harriet alikuwa na bahati kwamba mwingine aliandika kwa niaba yake. Tusitegemee bahati.

Mwisho ni hili. Wapo kati yetu wanaosema kwamba kazi yenye neno la Mungu haifai kuuzwa. Mtume Paulo alishona mahema, akala kwa kazi ya mikono yake, na injili haikupungua. Harriet aliuza Biblia yake ya vitambaa siku ambayo hakuwa na njia nyingine, na hadi leo inahubiri kwa watu ambao hawaingii kanisani. Aliumia kuiuza, na sisi hatusemi maumivu yale hayakuwa kitu. Tunasema tu kwamba dola 5 hazikuwa neno la mwisho juu ya kazi ile, kama vile utumwa haukuwa neno la mwisho juu ya Harriet.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA AKINA MAMA NA VIJANA

1. Kama ungekuwa Harriet mwaka 1891, ungefanya nini kuhusu zile dola 5? Kwa nini?
2. Kama ungekuwa Jennie Smith, na ulikuwa na dola 5 tu, ungefanya nini zaidi?
3. Je, kikundi chetu kina bei moja kwa kazi za aina moja, au tunashushiana bei sisi kwa sisi?
4. Kama ungepewa kitambaa cha picha 11, ni habari gani za Biblia na za maisha yako ungezishona? Wazee waulizwe pia, maana wao wanakumbuka mambo ambayo watoto waliozaliwa hapa hawajayaona.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu, na kuithibitisha.